Nguo za Tabitha: Somo kwa Kijana Anayependa Kupendeza



Kijana mwenzangu, leo tuongee kuhusu nguo. Najua kuna atakayesema, "Aah, somo la mavazi tena, sasa anakuja kupima urefu wa sketi." Hapana. Hilo namwachia mama yako na paroko wako. Mimi ni fundi cherehani hapa Uchindile, huku juu ambako reli ya TAZARA inapanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako. Nashona, narekebisha, naweka viraka, na Jumapili naimba kwaya. Kwa hiyo nguo nazijua kwa pande mbili: naziona zinavyoingia kanisani, halafu katikati ya wiki naziona mezani kwangu zimefumuka.

Ninachotaka tukiangalie ni tabia ya kununua nguo haraka haraka, nyingi, za bei chee, zinavaliwa mara mbili tatu halafu basi. Zamani tulidhani ni mambo ya watu wa mjini. Siku hizi mtu yuko huku kwetu, anaona kiwalo kwenye simu, anatuma pesa Dar, kifurushi kinafika, picha ikishapigwa na kuwekwa status nguo imeshakuwa ya zamani. Je, hili linamhusu Mungu? Mimi nasema linamhusu.

Somo letu la kuongoza ni Matendo ya Mitume 9:36-42. Ni fupi, lisome kwanza, nitalirudia mbele.

1. Kupendeza si dhambi

Tuanze hapa ili tusionewe. Mungu hakumuumba mtu ili aonekane hovyo. Yule mama hodari wa Methali 31 anatafuta sufu na kitani, anafanya kazi kwa mikono yake, nyumba yake yote ina nguo za kutosha wakati wa baridi, na yeye mwenyewe anavaa kitani safi na zambarau (Met 31:13, 21-22). Biblia haimsemi vibaya hata kidogo. Ila angalia mstari wa 20: kabla ya kutajwa nguo zake nzuri, inatajwa mikono yake ilivyonyooshwa kwa maskini.

Imani katika bonde letu la Kilombero ililelewa na Wakapuchini kutoka Uswisi, watoto wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ndiyo maana hata hospitali kubwa ya Ifakara inaitwa kwa jina lake. Fransisko alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, alizijua nguo za gharama kuliko mimi na wewe. Alipoamua kumfuata Kristo, alivua nguo zake mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Kanuni aliyowaachia ndugu zake, iliyothibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1223, inawaambia wavae nguo za kawaida na inawaruhusu kuzitia viraka kwa baraka ya Mungu. Lakini sura hiyohiyo inawaonya wasiwadharau wala kuwahukumu watu wanaowaona wamevaa nguo laini za rangi. Kila mmoja ajihukumu mwenyewe kwanza.

Hilo onyo tulishike katika somo hili lote. Ukimaliza kusoma halafu ukaanza kumnyooshea kidole rafiki yako kwa sababu ya kabati lake, hujanielewa.

2. Bei rahisi inalipwa na nani?

Mimi gauni la kawaida linanichukua siku nzima, nikikimbia sana nusu siku: kupima, kukata, kuunga, kupiga ovaloki, kuweka zipu, kupiga pasi. Kiwandani wanafanya haraka kuliko mimi kwa sababu kila mtu ana kipande chake, mmoja mikono tu, mwingine kola tu. Lakini kuna mtu ameshika kile kitambaa kwa mikono yake na kukipitisha chini ya sindano. Kwa hiyo ukikuta gauni jipya la shilingi 8,000, limevuka bahari, limelipiwa ushuru, limefika Kariakoo, likapanda gari mpaka huku, na kila aliyeligusa njiani amepata chake, jiulize: yule aliyelishona alibakiwa na nini?

Jibu moja dunia ililipata tarehe 24 Aprili 2013. Kule Bangladesh, karibu na mji wa Dhaka, jengo la ghorofa nane linaloitwa Rana Plaza liliporomoka. Ndani yake kulikuwa na viwanda vya nguo zilizokuwa zikipelekwa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla nyufa zilionekana ukutani na watu wakatolewa nje. Benki iliyokuwa chini ilifunga. Washonaji wakaambiwa warudi kazini. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake na wasichana wa umri wetu.

Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Baba Mtakatifu Fransisko aliwazungumzia katika Misa. Alisema alishtuka kusikia kwamba watu wale walikuwa wakilipwa euro 38 kwa mwezi, na kazi ya namna hiyo akaiita utumwa. Miaka miwili baadaye, katika waraka wake Laudato si', alirudia fundisho la Papa Benedikto XVI kwamba kila tunaponunua kitu, dhamiri inahusika na sio mfuko peke yake.

Sasa soma Yakobo 5:4. Mtume anasema ujira waliodhulumiwa wavunaji wenyewe unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Sisi huku ni wakulima, tunajua uchungu wa kulima mpaka kuvuna halafu mtu mwingine anakupangia bei. Basi yule mshonaji wa mbali ni ndugu yetu wa damu katika hilo.

Halafu kuna kitambaa chenyewe. Nguo nyingi za bei chee ni poliesta, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Pamba ukiifukia ardhini inaoza na kuwa udongo. Poliesta haiozi hivyo. Ile blauzi iliyofumuka baada ya mwezi, ukiitupa nyuma ya nyumba, wajukuu zako wataikuta wakichimba msingi.

3. Na mitumba je?

Hili swali huwa naulizwa sana, kwa sababu huku kwetu ukisema "nguo", watu wengi wanafikiria mtumba. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inapoanza kuuma, sweta la mtumba ndilo linalookoa watoto. Wazee walikuwa wakiziita "kafa Ulaya", wakidhani hakuna mtu mwenye akili anayeweza kutoa nguo nzima kama ile akiwa hai. Kumbe anaitoa, tena akiwa mzima wa afya, kwa sababu ameichoka.

Mtumba una wema wake. Nguo iliyokwisha shonwa inapata maisha ya pili, mama mjane anapata riziki gulioni, na mwenye kipato kidogo anavaa vizuri. Wala sioni aibu: baadhi ya mashati imara kuliko yote niliyowahi kurekebisha ni ya mtumba.

Ila na sisi tuwe wakweli. Mitumba ilifurika nchini katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, na viwanda vyetu, ambavyo tayari vilikuwa na mashine chakavu na shida ya umeme, vikashindwa kushindana. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vitenge na khanga zake vilijulikana nchi nzima. Leo pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inasafirishwa ghafi, halafu inaturudia ikiwa nguo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipanga kuiondoa mitumba taratibu ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nafuu yake kwa upande wa nguo ikasimamishwa. Kwa hiyo ujue hata ile fulana ya gulioni ina siasa nyuma yake.

Mimi nawaambia vijana hivi: kununua mtumba ni sawa, lakini usiugeuze kuwa ruhusa ya kununua bila kufikiri. Fulana kumi za shilingi 1,000 usizozihitaji bado ni fulana kumi usizozihitaji.

4. Tatizo letu wenyewe: sare

Tukiishia Bangladesh tutakuwa tumekwepa. Kijijini kwetu haraka ya nguo ina jina lingine. Inaitwa sare.

Hesabu mwenyewe kwa mwaka. Sherehe ya somo wa parokia, sare. Kipaimara, sare. Harusi ya mwanakwaya, sare, na sendofu yake sare nyingine. Upadrisho, sare. Krismasi, sare. Kila moja kitenge kipya, mshono mpya, kwa sababu kile cha mwezi wa tano "kimeshaonekana". Chukua mfano: kitenge shilingi 20,000, ufundi 15,000, zipu na bitana 3,000. Hiyo ni 38,000. Mara tano kwa mwaka inafika 190,000. Kwa familia inayotegemea mahindi na maharage, hiyo ni pesa ya mbolea. Wengine wanaitoa kwenye mchezo, wengine wanakwenda kwenye mikopo ya kausha damu. Yaani mtu anakopa kwa riba ya kuua ili amwimbie Mungu akiwa amefanana na wenzake.

Mwaka mmoja, siku ya somo wetu, nilishona sare za kwaya nzima. Wakati wa maandamano ya kuingia nikaona dada mmoja wa sauti ya kwanza hayupo. Ni msichana mwenye sauti ambayo Zaburi ya katikati ikiimbwa naye hata watoto wananyamaza. Jioni nikapita kwao. Mama yake alikuwa anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unamtafuta mwenzio? Yumo ndani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ameniambia, mama, bila sare nitasimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kila mita ya kile kitambaa, na nilijua kwamba hakuna aliyemfukuza yule dada. Hakuna aliyemwambia neno baya. Kitenge peke yake kilitosha kumwambia abaki nyumbani. Nikakumbuka Yakobo 2:1-4, pale anaposimulia watu wawili wanaingia kwenye kusanyiko, mmoja mwenye pete ya dhahabu na nguo za kung'aa, mwingine mwenye mavazi mabovu. Mmoja anapewa kiti kizuri, mwingine anaambiwa asimame kule. Sare ilibuniwa ili watu wawili kama hao wasitambulike nani tajiri nani maskini. Sisi tumeigeuza kuwa mlango wa kumwacha maskini nje.

Kwenye kikao cha kwaya nililiweka mezani. Nikapendekeza sare moja kwa miaka mitatu, ya kitambaa imara. Wakati tunaichangia taratibu, tuvae nyeupe juu na nyeusi chini, kila mtu anayo. Anayehama aache sare yake kwa anayeingia. Kaka mmoja wa besi akacheka, "Fundi, unakata tawi ulilokalia!" Na kweli, sare ndizo zilizokuwa zikinilipa zaidi. Mwenyekiti akauliza kama nina uhakika. Nikasema sina uhakika wa kipato, nina uhakika wa yule dada.

Tulibishana vikao viwili. Waliopinga walikuwa na hoja, tusiwabeze: sherehe inahitaji furaha, na kitenge kipya ni furaha ya kweli kwa mtu ambaye mwaka mzima yuko shambani. Mwisho tukakubaliana miaka miwili, si mitatu. Jumapili iliyofuata yule dada alikuja na sketi yake nyeusi, akaimba. Mimi pesa ya sare ilipungua, siwezi kuwadanganya. Kazi za kurekebisha zimeongezeka, moja moja ni hela ndogo lakini zinakuja kila wiki, na bado najipanga nazo.

5. Wajane walimwonyesha Petro nguo

Sasa turudi kwa Tabitha, ambaye pia anaitwa Dorkasi. Alikuwa mwanafunzi wa Yesu katika mji wa Yopa. Hatusomi kwamba alihubiri wala kwamba alikuwa tajiri. Alipofariki wakamwita Petro, na alipofika chumbani wajane walimzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabitha aliwashonea alipokuwa bado pamoja nao. Ndipo Petro akapiga magoti, akasali, na Tabitha akafufuka.

Mimi kama fundi hiki kifungu kinanigusa sana. Wale wajane hawakuwa na hotuba. Walishika nguo tu mikononi, na kila nguo ilikuwa na jina la mtu: hii alinishonea mimi, hii alimshonea mwanangu. Nguo zilikuwa ushahidi wa upendo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo la leo. Kila nguo inakuunganisha na watu: aliyeishona, aliyeikosa, na atakayeirithi baada yako. Ukinunua bila kuwaona hao watu, nguo inakuwa kitu cha kukutenga nao. Ukiwaona, hata shati la mtumba linaweza kuwa tendo la huruma.

Na tusisahau vazi letu la kwanza. Siku ya ubatizo kila mmoja wetu alivikwa vazi jeupe, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua sawasawa, kwa sababu waliobatizwa wamemvaa Kristo (Gal 3:27). Hiyo ndiyo sare ambayo haikatazi mtu kuingia. Paulo anaendelea kuorodhesha mavazi yake: huruma, utu wema, unyenyekevu, upole, uvumilivu (Kol 3:12).

6. Ushauri wa fundi kabla hujatoa pesa

*Subiri siku saba.* Ukiitamani nguo, iache wiki nzima. Ikifika siku ya saba bado unaihitaji, ombea, nunua. Nyingi zitakuwa zimesahaulika.

*Jiulize nitaivaa mara ngapi.* Kama huoni mara thelathini, iache hapo ilipo.

*Igeuze ndani nje.* Uzuri wa nguo uko ndani. Angalia kama mishono imekaribiana, kama imepigwa ovaloki, na kama kuna akiba ya kitambaa pembeni. Nguo yenye akiba fundi anaweza kuipanua ukinenepa. Isiyo na akiba ukiongezeka kidogo tu imekwisha.

*Kwa mtumba, kagua kola, kwapa na mapajani.* Hapo ndipo nguo inapochoka kwanza. Ishike kwenye mwanga, ukiona inapitisha jua kama chandarua, mwachie mwenye duka.

*Jua kitambaa.* Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uchome kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba inaungua kama karatasi na kubaki jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

*Rekebisha kwanza.* Kola iliyochakaa inaweza kugeuzwa. Suruali iliyotoboka goti inakuwa kaptura ya mdogo wako. Gauni la sare ya zamani linatoa shati la mtoto na mfuko wa sokoni. Kirudishe kiraka heshima yake.

*Ikiingia moja, itoke moja.* Na inayotoka iwe nzima na safi. Mtakatifu Basili Mkuu aliwafundisha Wakristo wake kwamba koti lililoning'inia bila kuvaliwa ni mali ya yule asiye na koti. Yohane Mbatizaji naye aliposema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo (Lk 3:11), hakumaanisha ile iliyochanika.

*Mlipe fundi wako kwa wakati.* Hili nalisema kwa niaba ya mafundi wote. Huwezi kulia juu ya mshonaji wa Bangladesh huku wa jirani unamwambia "nitakupa wiki ijayo" tangu Pasaka.

Maswali ya kutafakari

1. Fungua begi au kabati lako. Ni nguo ngapi hujavaa tangu mwaka uanze? Ni nani unayemjua ambaye angezihitaji?
2. Katika kwaya yako, VIWAWA au jumuiya yako, kuna mtu ambaye hakuja kwa sababu ya sare au mchango? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?
3. Ukifariki leo, watu wangeonyesha nini mikononi mwao kama wale wajane wa Yopa?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyevikwa nguo za kitoto na Mama yako kule Bethlehemu, na ukavuliwa kanzu yako pale msalabani, tunakuja kwako na nguo zetu tulizo nazo. Wabariki wote wanaoshona, wa mbali na wa karibu, uwape ujira wa haki. Utupe macho ya kumwona aliyebaki nyumbani kwa aibu. Utufundishe kupendeza bila kumwumiza mtu, kutosheka na kidogo, na kutoa kilicho kizima. Vazi jeupe la ubatizo wetu tulifikishe kwako bila doa. Kwa maombezi ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Tabitha. Amina.

Tuendelee kuombeana.